Gazeti likiandika redio ya klasiki "imeuzwa", isome hivi

Hii nimewaandikia wale wanaopenda muziki wa klasiki, yani mtu unaamka asubuhi unakuta gazeti la New York au London limeandika stesheni unayoisikiliza kwenye simu imeuzwa au imehama au imepata bosi mpya, na kwenye grupu la kwaya watu wameshaanza kulia kwamba ndo basi tena imekufa. Tuko wengi kuliko watu wanavyodhani, maana ukishaimba besi kwenye Messiah ya Handel hata mara moja pale kanisani, sikio linabadilika na unaanza kutafuta nyumbani kwa ile sauti, na nyumbani kwake kwa wengi wetu ni redio za watu wa mbali zinazoingia kwa intaneti. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye dawati la habari za nje, kazi yangu kubwa kutafsiri, na habari za redio kubadilishwa ni kati ya habari zinazosomwa vibaya kuliko zote, sio kwa sababu Kiingereza chake kigumu, hapana, ni kwa sababu watu hawajui kinachouzwa ni nini.

Kabla hatujaenda mbali tuliweke sawa hili jina. Mkenya akisikia "Classic" anawaza Classic 105 ya Nairobi, ile ni redio ya kibiashara ya nyimbo za zamani na maongezi ya asubuhi, haina uhusiano na Beethoven. Classic FM ya London ndio ya Mozart na wenzake. Na ukitafsiri "muziki wa klasiki" halafu mhariri akakubadilishia ikawa "zilipendwa", kataa, simama hapo hapo, kwa sababu msomaji ataelewa Mbaraka Mwinshehe na habari yote imepotea kwenye mstari wa kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Chukua daladala. Kuna njia, tuseme Mbagala Kariakoo. Kuna kibali cha kupita hiyo njia. Kuna gari lenyewe na nguvu ya injini yake. Kuna jina lililoandikwa kwenye kioo cha nyuma. Kuna dereva na konda ambao abiria wanawajua kwa sauti. Tajiri anaweza kuuza kibali akabaki na gari, anaweza akahamisha jina lile lile kwenye gari dogo zaidi, anaweza akafukuza konda na kila kitu kingine kikabaki. Redio ni hivyo hivyo kabisa. Kuna leseni, kuna masafa yani ile namba unayoitafuta kwenye redio, kuna mtambo na mnara na wati zake, kuna jina, kuna watangazaji, kuna maktaba ya rekodi, na kuna aina ya muziki. Gazeti litasema "stesheni imeuzwa" kama vile ni kitu kimoja. Kazi yako ya kwanza, kabla hujasikitika kabla hujafurahi, chukua daftari uandike hivyo vitu kwenda chini halafu pembeni ya kila kimoja andika kimekwenda kwa nani, na kama gazeti halijasema acha wazi, hiyo nafasi tupu ndio swali lako.

Mfano wangu mkubwa ni WQXR ya New York mwaka 2009, na nauchagua huo kwa sababu mambo karibu yote yalitokea kwa mpigo. Hii ni stesheni ya mwaka 1936, gazeti la The New York Times liliinunua 1944, kwa hiyo kwa miaka 65 redio maarufu ya klasiki ya jiji lile ilikuwa mali ya gazeti maarufu la jiji lile. Julai 2009 ikatangazwa kwamba inaondoka mikononi mwa gazeti, dili la dola milioni 45. Ukisoma hiyo namba peke yake unapiga picha kwamba kuna mtu mmoja mpenda muziki katoa milioni 45 kachukua redio. Haikuwa hivyo. Kampuni ya Univision, hawa ni wa matangazo ya Kispanyola, walitoa milioni 33.5 na kubadilishana masafa: wao wakachukua 96.3 iliyokuwa ya WQXR, wakatoa 105.9 yao. Halafu WNYC, redio ya umma inayoishi kwa michango ya wasikilizaji, wakalipa milioni 11.5 kupata ile leseni ya 105.9 pamoja na jina WQXR na tovuti. Hebu zitazame hizo namba mbili taratibu. Karibu robo tatu ya pesa yote ilikwenda kwenye namba tu, mahali pa kukaa kwenye redio. Jina lililojengwa miaka zaidi ya 70, na sehemu ndogo zaidi ya kukaa, ndio hiyo milioni 11.5. Mimi siku nilipoielewa hiyo hesabu ndio nikaelewa kwa nini redio za klasiki za biashara zimepukutika Marekani, kwamba ile namba imekuwa na thamani kubwa kuliko kitu chochote kinachoweza kupigwa juu yake, Chicago mwaka 2001 stesheni ya WNIB iliondoka hivyo hivyo kwa dola milioni 165 na klasiki yake ikaishia hapo.

Sasa turudi kwenye daftari. Leseni ya 96.3 kwa Univision. Jina kwa WNYC. Muziki ukaenda na jina. Watangazaji, baadhi walihama na wengine hawakuhama, na hapa gazeti huwa linatoa mstari mmoja tu wakati kwa msikilizaji wa kila siku hao ndio redio yenyewe, kwa hiyo kila ukiona "baadhi" kwenye habari za namna hii weka alama, uliza wangapi na akina nani. Matangazo ya biashara yakaondoka, ikaingia harambee ya kuchangisha wasikilizaji. Halafu ikabaki nguvu.

Kwenye nguvu ndipo watu wengi wanaruka kwa sababu inafanana na somo la fizikia. 96.3 ilikuwa na wati 6,000. 105.9 ina wati 610. Zote mbili kutoka juu ya jengo la Empire State. Msomaji akiona elfu sita na mia sita na kumi anasema imepungua mara kumi, basi itafika robo ya mji, na yule anayetetea dili atasema aah mnara ni ule ule hakuna kitakachobadilika, na wote wawili wamekosea. FM inasafiri karibu mstari ulionyooka kwa hiyo urefu wa antena ndio unaoamua mengi, na hapo kweli hawakupoteza, Empire State ni Empire State. Lakini nguvu ya wimbi pale redio yako ilipo inashuka kwa kipeuo cha pili cha wati, ukigawa wati kwa kumi wimbi linapungua kama mara tatu hivi. Mtu wa katikati ya Manhattan hatajua tofauti. Mtu wa kilomita nyingi nje ya jiji ambaye hata zamani alikuwa anaipata kwa kuzungushazungusha antena, huyo ndo amepigwa, na muziki wa klasiki una kitu kimoja kibaya kwenye jambo hili, una sehemu za kimya. Ngoma ya dansi ukiipiga kwenye wimbi dhaifu unaendelea kucheza. Ukipiga kwenye wimbi hilo hilo ile sehemu ya taratibu ambapo zimebaki violini mbili zinanong'ona, unachosikia ni mchakacho. Kwa hiyo ukisoma habari ya redio ya klasiki kuhamishwa masafa na hamna wati ndani yake, habari haijaisha, nenda katafute wati na mahali mnara ulipo. Na angalia leseni imeandikwa ya mji gani. 105.9 leseni yake ni ya Newark, New Jersey. Kule Boston mwaka huo huo wa 2009 redio ya umma ya WGBH ilinunua stesheni ya WCRB kwa dola milioni 14 na kuhamishia klasiki yake kule 99.5, na leseni ya 99.5 ni ya Lowell, mji ulioko kaskazini, kwa hiyo usishangae malalamiko kutoka kusini mwa Boston, ramani peke yake inakuambia kabla hujasoma barua hata moja.

Hatua nyingine, angalia mwenye gazeti ni nani na ana maslahi gani. Kwa WQXR hili liko wazi sana, gazeti liliandika habari ya kuuza mali yake lenyewe. Sisemi waliandika uongo, namba nilizokutajia hapo juu ziliandikwa wazi. Lakini swali la "kwa nini wanauza" usilitafute kwenye ukurasa wa utamaduni pale zinapoandikwa habari za muziki, nenda ukurasa wa biashara wa miezi iliyotangulia. Januari 2009 kampuni ya Times ilikuwa imekopa dola milioni 250 kwa Carlos Slim, tajiri wa Mexico, kwa riba ya asilimia 14. Machi wakauza sehemu yao ya jengo la makao makuu kwa dola milioni 225 na kubaki kama wapangaji. Redio ikafuata Julai. Ukizipanga hizo tarehe tatu mfululizo unaona ni mtu anayeuza vitu vya nyumbani kimoja kimoja alipe deni, na swali la kwamba watu bado wanapenda Brahms au hawapendi halikuwa mezani. Kwenye habari za namna hii daima kuna mtu atasema "wasikilizaji wamezeeka, soko limekufa". Huenda kuna ukweli fulani ndani yake, lakini kwanza tafuta deni. Mimi nakwambia kwa uzoefu, tafuta deni.

Kuna sentensi moja inakuwepo kila habari ya Kimarekani, kwamba mauzo "yanasubiri idhini ya FCC". FCC ndio mamlaka yao ya mawasiliano, tuseme TCRA yao. Msomaji wa kwetu anasoma hapo anapata matumaini, anadhani kuna afisa atakaa aangalie kama jiji litabaki bila muziki wa klasiki aseme hapana. Hakuna. Na hii ina historia yake, hapo hapo New York. Mwaka 1974 stesheni nyingine ya klasiki, WNCN, iligeuzwa ikawa ya roki, wasikilizaji wakajiunga wakaunda chama, wakapigana, na mwaka 1975 klasiki ikarudi. Chama kikaendelea mpaka kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1981 mahakama ikasema FCC ina haki ya kuliacha suala la aina ya muziki kwa soko. Tangu hapo idhini ya FCC inaangalia nani anamiliki na kama anastahili, haiangalii anapiga nini. Na WNCN yenyewe? Desemba 1993 ikageuzwa roki tena na safari hii haikurudi. Kwa hiyo ukitafsiri hiyo sentensi ya idhini, ongeza mstari mmoja wa maelezo, usimwache msomaji wako na matumaini hewa.

Halafu uliza nani hayupo kwenye habari. Hili nalipigia mstari. Januari 2011 San Francisco, KDFC ya klasiki ikaacha 102.1 na kuhamia kwenye masafa ya redio zisizo za biashara, mojawapo ni 90.3. Ukiwa mpenzi wa klasiki unasoma unashukuru, afadhali imeokoka. Na ukijua kwamba Marekani sehemu ya chini ya FM, kuanzia 88 mpaka 92, imetengwa kwa redio zisizo za biashara, unaelewa mara moja kwamba imetoka kwenye matangazo imeingia kwenye michango. Sawa. Ila 90.3 haikuwa tupu. Palikuwa na KUSF, redio ya Chuo Kikuu cha San Francisco, wanafunzi na watu wa kujitolea, muziki ambao haupigwi kwingine, na ilizimwa hewani ghafla, leseni ikauzwa dola milioni 3.75. Mimi napenda klasiki kwa moyo wangu wote lakini siwezi kusoma habari hiyo nikashangilia nusu yake tu nikaiacha nyingine. Kwa hiyo kila ukiona redio unayoipenda "imepata makao mapya", uliza makao hayo yalikuwa ya nani jana. Na New York vilevile, 105.9 ilikuwa na wasikilizaji wake wa Kispanyola, wao wamehamishiwa kwenye wimbi lenye nguvu zaidi, na kwenye magazeti ya Kiingereza furaha yao utaitafuta kwa tochi.

Tukija Uingereza mchezo unabadilika kwa sababu BBC Radio 3, redio ya klasiki ya shirika la umma la BBC, haiuzwi, kinachobadilika ni ratiba, watangazaji na mkuu wa stesheni. Ilizaliwa 1967, na tangu Classic FM iingie hewani Septemba 1992 kila mabadiliko ya Radio 3 yanaandikwa kwa swali lile lile, je wanaiga Classic FM, wanaupunguza muziki uzito ili wapate watu? Utalikuta hilo lalamiko miaka ya tisini, utalikuta 2023 alipoingia mkuu mpya Sam Jackson ambaye kabla alishafanya kazi Classic FM, utalikuta Novemba 2024 walipoanzisha Radio 3 Unwind ya muziki wa kutuliza akili. Sisemi lalamiko ni la uongo. Nasema lisikufanyie kazi ya kufikiri. Chukua ratiba ya zamani na mpya, ziweke sambamba, hesabu masaa: tungo nzima zinapigwa ngapi na vipande vya dakika nne vingapi, konsati za moja kwa moja ngapi kwa wiki, muziki wa watunzi walio hai uko saa ngapi. Ukimaliza hiyo hesabu, kazi ya jioni moja tu na chai ya tangawizi, unakuwa unajua kuliko mwandishi wa safu aliyekasirika.

Na takwimu za wasikilizaji kule zinatoka kwa RAJAR, wale wanaopima usikilizaji wa redio, kila robo mwaka, hapo pana mitego miwili. Wa kwanza, "wasikilizaji milioni kadhaa kwa wiki" maana yake mtu aliyesikiliza angalau dakika tano. Dakika tano! Yule aliyekaa na opera nzima na yule aliyeisikia saluni akisubiri kunyolewa wanahesabiwa sawa. Kwa hiyo kuna namba ya pili, jumla ya masaa, na magazeti mawili yanaweza kuchukua ripoti moja, moja likaandika imepanda jingine imeshuka, na yote yakawa sahihi. Wa pili, majira. Proms, lile tamasha la klasiki la ukumbi wa Royal Albert Hall London, linaanza Julai linaisha Septemba na Radio 3 inarusha konsati zote, kwa hiyo ukilinganisha robo hiyo na robo inayofuata unaweza kuona "kuporomoka" kusiko na maana. Linganisha robo na robo yake ya mwaka uliopita, basi.

Kama unaitafsiri au unaisimulia kwa Kiswahili, maneno machache. Usiseme "imefungwa" kama imehama. Usiseme "imekufa" kama imebadilisha mmiliki. "Imegeuzwa" nalitumia pale muziki ulipobadilishwa na masafa yakabaki, "imehamishwa" pale masafa yalipobadilika na muziki ukabaki. Kuna kijana mmoja niliwahi kumfundisha kazi, akaniletea kichwa cha habari kinasema redio "yazikwa", nikamuuliza mdogo wangu, jioni hii ukiifungua unasikia nini, akafungua kwenye simu, ikaimba. Akakaa akaandika upya bila mimi kusema neno lingine.

Tarehe na saa nazo ziandike kwa kichwa chetu. WQXR ilihama Oktoba 8, 2009 saa mbili usiku ya New York, ambayo kwa Dar na Nairobi na Kampala ni saa tisa usiku kuamkia Oktoba 9, kwa sababu wakati ule wa mwaka wako nyuma yetu masaa saba. Ukiandika "saa nane" kwa kuwa umeona namba 8 kwenye gazeti umempoteza mtu anayetaka kukesha asikilize kipande cha mwisho kwenye masafa ya zamani, na hao watu wapo, mimi mwenyewe nawajua.

Kitu cha mwisho, usiitupe hiyo karatasi ya daftari. Magazeti yanakuja siku ya tangazo na siku ya kuhama, baada ya hapo kimya. Weka alama mwaka mmoja, mwaka wa nne, rudi uangalie zile nafasi ulizoacha wazi. Mimi kwenye karatasi ya WQXR mbele ya neno "nguvu" nilikuwa nimeandika: wa kaskazini mwa jiji watafanyaje? Jibu likaja 2013, WNYC walipochukua stesheni ndogo ya 90.3 kule Ossining, kaunti ya Westchester, wakaiita WQXW, ili wale wa kaskazini waliokosa 105.9 waipate redio yao tena.